Kitabu cha Sauti Kiungwe, Kisichakazwe

Msomaji wa riwaya katika Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Bunju siku hizi mara nyingi hana kitabu mkononi. Ana simu. Fundi cherehani anasikiliza simulizi huku miguu iko kwenye pedeli, mlinzi wa usiku anaisikiliza getini kwa sauti ya chini, mama wa maandazi anaiwasha saa kumi alfajiri, na abiria wa Barabara ya Kilwa anaiweka masikioni kwa sababu foleni haina huruma. Wengine hawana habari na riwaya. Wana Qur'ani, Biblia, mawaidha au mahubiri kwenye redio ndogo ya flashi. Mimi nawahesabu wote hawa kuwa wasomaji, na nina sababu ya kuandika juu yao leo. Sauti tunayowapa inachakaa, na inachakaa mahali ambapo haikuwa na haja ya kuchakaa hata kidogo, yaani pale vipande vya kitabu vinapounganishwa kuwa faili moja.

Haja ya kuunganisha ni ya kweli. Msimulizi husoma sura moja leo usiku, nyingine kesho, kila moja akaitoa peke yake; riwaya ya saa tisa humfikia msikilizaji ikiwa vipande thelathini au arobaini. Qur'ani ina sura 114. Agano Jipya lina sura 260, na Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, na rekodi nyingi huweka kila sura kwenye faili yake. Vipande hivyo vikiingia kwenye memori kadi, simu na redio nyingi huvipanga kwa kufuata herufi za majina, kwa hiyo baada ya faili namba 1 huja namba 10, kisha 11, kisha 12, na namba 2 inasubiri mpaka 19 ipite. Vifaa vingine hufuata mpangilio ambao faili zilinakiliwa. Msikilizaji wa hadithi ya upelelezi anamjua muuaji kabla hajasikia nani kauawa. Mwenye macho atahangaika na vitufe. Asiyeona, au aliyeshika unga mikononi, ameshapotezwa.

Nusu ya tatizo hili haihitaji kuunganisha chochote. Majina yakiandikwa 01, 02, 03, au 001, 002, 003 kwa kitabu kikubwa, na faili zikanakiliwa kwa mfuatano, kifaa kitacheza kwa mfuatano. Ni kazi ya dakika chache, na nashangaa wasimulizi wangapi hawaifanyi. Lakini wapo wanaotaka kitu kimoja tu, wabonyeze mara moja kiende mpaka mwisho, na wana haki ya kukipata.

Nilimsikia mama mmoja akiomba hivyo kwenye banda la kurushia nyimbo kule Tandika. "Mwanangu, niunganishie hizi ziwe kitu kimoja, mimi kubonyezabonyeza siwezi." Kijana akamjibu kwa heshima: "Sawa mama, nakutolea kwa 320 kabisa, iwe na kwaliti." Alikuwa na nia njema, na alifanya kazi yake haraka. Vipande alivyoletewa vilikuwa vya kilobiti 64 kwa sekunde. Faili aliyotoa ilikuwa kubwa mara tano, na sauti yake haikuwa bora kuliko ile ya mwanzo, ilikuwa imepungua. Mama alilipa, akaondoka na mzigo mkubwa zaidi wenye kitu pungufu zaidi.

Kuelewa kwa nini, lazima tujue MP3 ni kitu gani. Sauti ya kiwango cha CD, ikiachwa kama ilivyo, inachukua takriban megabaiti 635 kwa saa. Wahandisi wa Ujerumani, hasa wa taasisi ya Fraunhofer, walitafuta namna ya kuibana, na mwaka 1995 ndipo jina la .mp3 lilipochaguliwa kwa faili za aina hiyo. Njia yao ni ya akili sana. Programu huchunguza sauti, ikakadiria ni sehemu gani sikio la binadamu halitaikosa, kwa mfano mlio mdogo uliofunikwa na mlio mkubwa wa karibu, kisha inaitupa sehemu hiyo. Ikibanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa nzima inakaa kwenye megabaiti 58 hivi. Kwa kilobiti 64, megabaiti 29. Kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma, iliyorekodiwa kwa njia moja badala ya stereo, kilobiti 64 zinatosha vizuri kabisa.

Ila kilichotupwa kimetupwa. Programu za kuhariri sauti kama Audacity, ambazo vijana wetu wengi wamejifunzia kazi, hufungua MP3 kwa kuisimbua kwanza, kama kisimbuzi cha televisheni kinavyosimbua chaneli, zikaigeuza kuwa sauti kamili ya kufanyia kazi. Ukimaliza kuunga na kuhifadhi tena kama MP3, programu inabana upya. Inachunguza tena, inakadiria tena, inatupa tena. Na safari hii inakadiria kutoka kwenye sauti ambayo tayari ina mapengo, ikiyachukulia mapengo hayo kuwa sehemu ya usomaji. Ukichagua 320 umeongeza nafasi tu, maana hakuna programu inayojua msimulizi alitamkaje pale palipofutwa. Mwanafunzi yeyote aliyesomea desa lililotolewa fotokopi kutoka kwenye fotokopi ya fotokopi anajua hali hiyo: wino mzito kwenye mashine ya mwisho haurudishi mstari uliofifia kwenye ya kwanza.

Tena kubana mara mbili ni afadhali. Simulizi nyingi zinazozunguka Dar es Salaam zimebanwa mara nne. Msimulizi anarekodi, anatoa MP3. Anaiweka kwenye picha ya video na kuipandisha YouTube, ambako inabanwa upya kwa mfumo wa AAC na wa Opus. Mtu mwingine anaichomoa huko kupitia tovuti ya kugeuza video kuwa MP3, na huko inabanwa kwa mara ya tatu. Kisha inafika bandani, inaungwa, inabanwa kwa mara ya nne. Kuna wanaomalizia kwa kuweka simu karibu na spika na kuituma kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao nao hurekodiwa kwa Opus pamoja na kelele za bodaboda zote zilizopita dirishani.

Kinachoumia kwanza ni ncha za maneno. Nguvu ya s, sh, f, z na th iko juu kwenye masafa ya sauti, na huko juu ndiko ubanaji mkali unakokata. Ndiyo maana kwenye simu za kawaida, ambazo kwa miaka mingi zilipitisha sauti mpaka hezi 3,400 tu, s na f zinachanganyika na tunalazimika kurudia jina mara tatu. Kwenye kitabu kilichobanwa mara nne, irabu zinabaki nene na zinasikika, lakini huwezi kuwa na hakika kama mfanyabiashara wa hadithi ameuza samani au ameuza thamani. Kijana mwenye masikio mazima atajaza pengo kwa kubahatisha. Mzee hawezi, kwa sababu umri nao huanza kunyang'anya masafa hayo hayo ya juu. Na asiyeona, ambaye kwake sauti ndiyo ukurasa wenyewe, anasoma kitabu chenye herufi zilizofutika. Hapo ndipo ninapokasirika. Wenye haja kubwa zaidi na sauti safi ndio wanaoishia na nakala ya mwisho kabisa kwenye mnyororo.

Dawa ipo, na ni ya zamani kuliko kompyuta. Utangazaji hapa ulianza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Mafundi wa enzi ya kanda za sumaku walipotaka kuunga sehemu mbili za kipindi walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kunakili kanda moja hadi nyingine, na kila nakala iliongeza mvumo. Ya pili ni kuchukua wembe, kukata kanda kwa mshazari, kugusisha ncha mbili na kuzibandika kwa utepe wa gundi. Katika njia hiyo ya pili hakuna sauti iliyonakiliwa. Kanda ileile iliyonasa sauti kutoka kwenye maiki ndiyo iliyokwenda hewani, na sikio halikujua kama kuna kiungo.

MP3 inaruhusu wembe huohuo. Ndani yake sauti imegawanywa katika fremu ndogo, kila moja ikibeba sampuli 1,152, yaani vipimo vidogo vya sauti vinavyofuatana. Kwa rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 26 hivi, na saa moja ya usomaji ni fremu takriban 138,000 zilizofuatana. Ukiwa na programu inayozichukua fremu za sura ya kwanza kama zilivyo, ikapanga za sura ya pili nyuma yake, na za tatu nyuma ya hizo, bila kusimbua hata moja, umeunga kitabu kizima pasipo kupoteza chochote. Kazi inayochukua dakika nyingi kwenye programu ya kuhariri inaisha kwa sekunde, kwa kuwa kompyuta inanakili tu. Wepesi huo wenyewe ni kipimo kizuri kwa anayesimama nje ya banda: kitabu cha saa tisa kikichukua muda mrefu kuunganishwa, kinabanwa upya.

Programu zenyewe ni za bure. FFmpeg, iliyopo tangu mwaka 2000, ina amri ya kuunga ambayo ukiiandikia "-c copy" inanakili fremu bila kuzigusa. Unaipa orodha ya faili kwa mfuatano unaoutaka, basi. Kwa asiyependa kuandika amri kuna mp3DirectCut ya Windows, ndogo sana, inayokata na kuunga MP3 moja kwa moja, na inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta kuukuu za mabanda yetu. Hakuna kifaa cha kununua wala bando la kila mwezi.

Kuna njia ya mkato ninayoikataa, nayo ni kugandisha faili kwa amri ya kawaida ya kompyuta, mkia kwa kichwa. Fremu zitakuwa salama, lakini mwanzoni mwa MP3 nyingi kuna taarifa fupi inayosema faili ina urefu gani. Ukigandisha kijinga, taarifa ya sura ya kwanza inabaki peke yake mlangoni, na simu inatangaza dakika 12 kwa kitabu cha saa tisa. Vifaa vingine vitacheza mpaka mwisho hata hivyo. Vingine vitakataa kusogezwa mbele au vitasimama dakika ya 12. FFmpeg huandika taarifa hiyo upya.

Wajuzi wa muziki watasema kuunga MP3 si kamilifu, kwani kila faili huanza na kuishia na ukimya mdogo uliowekwa na ubanaji, na pengo hilo huvunja wimbo unaotiririka kuingia mwingine. Ni kweli kwa muziki. Kwenye kitabu pengo hilo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, nalo linaangukia kati ya mwisho wa sura na mwanzo wa nyingine, ambapo msimulizi mwenyewe anavuta pumzi kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo katika sauti zote tunazounga, kitabu kinachosomwa ndicho kinachofaa zaidi kuungwa kwa wembe. Hatuna kisingizio.

Sharti moja ni gumu, na ndilo linalowashinda wengi. Vipande lazima vifanane: idadi ileile ya sampuli kwa sekunde, vyote vya njia moja au vyote vya stereo, na vyote viwe MP3. Msimulizi akirekodi sura tano kwa sampuli 44,100 kisha akabadilisha simu na nyingine zikatoka 22,050, kuunga kutafanyika lakini kifaa kinaweza kuzicheza kwa kasi isiyo yake, au kukwama. Hapo inabidi kubana upya, na busara ni kubana zile chache tu zisizofanana na kuziacha nyingine. Tena bora zibanwe kutoka kwenye rekodi ya asili, kama haijafutwa. Na mara nyingi imefutwa. Simu ilijaa.

Sauti kupanda na kushuka kati ya sura si sababu ya kubana upya. Kila fremu ya MP3 ina namba inayoamua ukubwa wa sauti yake, na programu ya MP3Gain hubadilisha namba hiyo pekee, kwa hatua za desibeli 1.5, bila kugusa sauti yenyewe. Linganisha kwanza sauti ya sura zote, kisha unga.

Sasa swali ambalo naona wengi wanalijibu haraka: je, kila kitabu kiwe faili moja? Kwa simu janja yenye programu ya vitabu inayokumbuka ulipoishia, ndiyo. Kwa kitochi au redio ya flashi ambayo ukiizima inasahau, faili ya saa tisa ni adhabu. Betri ikiisha saa ya saba, msikilizaji anaanza na bismillahi. Watu hao wafungiwe mafungu ya saa moja au mbili, yaliyokatwa kwenye mipaka ya sura na kupewa namba za 01, 02, 03. Banda lenye kujali lingemuuliza mteja anasikilizia kwenye nini kabla ya kugusa kipanya.

Kuna pia mfumo wa M4B, unaobeba kitabu chote kwenye faili moja pamoja na orodha ya sura zake, hivyo unaweza kuruka kutoka sura ya 3 hadi ya 17 bila kubahatisha. Ni mzuri, na natamani uzoeleke. Lakini kwa kawaida ndani yake kuna AAC, hivyo kugeuza MP3 kuwa M4B ni kubana upya kulekule tunakokukimbia. Kazi hiyo ifanywe na mwenye rekodi ya asili. Banda halina rekodi ya asili. Liunge MP3 kwa wembe na liishie hapo.

Nasisitiza rekodi ya asili kwa sababu taifa hili limekuzwa na fasihi ya masikio. Kabla ya neno simulizi kuhamia kwenye simu, nyumba za Temeke na Magomeni zilinyamaza kusikiliza kipindi cha Mama na Mwana cha RTD, zikacheka na Pwagu na Pwaguzi, na kuanzia mwaka 1993 zikafuatilia mchezo wa redio wa Twende na Wakati na dereva wake wa lori, Mkwaju. Maktaba ya kanda ya RTD, iliyorithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, ina hotuba za Mwalimu Nyerere na muziki wa dansi wa miongo kadhaa. Majumbani nako kuna kaseti za mawaidha, za kwaya na za wazee waliokwisha kufa, zikiliwa na joto na ukungu wa pwani. Mwenye kaseti kama hizo azihamishie kwanza kwenye WAV, ambayo huiacha sauti bila kuibana, au FLAC, ambayo huibana sauti bila kutupa kitu na kupunguza ukubwa karibu nusu. Upande A na upande B viungwe katika hali hiyo. MP3 ya kugawia ndugu itolewe mwisho, mara moja.

Upande wa haki, sheria haitulazimishi kuwapa wasioona makombo. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, uliotungwa ili watu wasioona wapate vitabu katika miundo wanayoweza kuitumia bila kukwamishwa na hakimiliki, Kenya ilijiunga nao mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020. Mkataba unafungua mlango kwa taasisi zinazowahudumia kutengeneza kitabu cha sauti. Hauwafungulii wanaochomoa simulizi za watu na kuziuza kwa jina jingine. Hao wanamwibia msimulizi na kumchakazia kazi kwa wakati mmoja. Ila nawaambia wachapishaji wetu kwamba wizi huo unapata soko kwa kuwa wao hawajaweka vya kutosha mezani. Kizazi kilichomsoma Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa bado kipo, macho yamechoka, na kingelipa kusikiliza riwaya zile zikisomwa vizuri, kwa faili safi, kwa bei ya sahani ya wali maharage.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Msimulizi unayefungua kitabu kipya huko Sinza au Chang'ombe, amua leo sampuli 44,100, njia moja, maiki moja, chumba kimoja, na usibadilishe mpaka ukurasa wa mwisho. Hifadhi WAV zote kwenye diski ya nje. Saa tisa za njia moja hazifiki gigabaiti tatu, na bei ya diski ni ndogo kuliko kurekodi upya. Bana mara moja, kilobiti 64 au zaidi. Toa mwenyewe nakala mbili, moja nzima na moja ya mafungu, ili asiwepo mtu wa kukufanyia vibaya kazi hiyo. Kijana wa banda, pakua mp3DirectCut wiki hii na umuulize mteja anasikilizia kwenye nini. Na wewe msikilizaji, ukiambiwa utatolewa kwa 320, sema hapana, niungie zilezile kama zilivyo.